Usishuhudie Usichokisoma

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mjuzi wa yaliyo wazi na yaliyofichika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake, na kila anayefuata uongofu wao hadi Siku ya Kiyama.

Ama baad. Ndugu zangu katika imani, maneno haya niliyasema kwa ufupi katika darsa yetu baada ya swala ya Isha, na wahariri wakaniomba niyaandike kwa urefu kidogo. Nimekubali kwa kusitasita. Mimi si ustadhi. Ni mwanafunzi wa kompyuta, na ninachosimulia ni kosa langu mwenyewe. Lakini kosa hili niliona limegusa amana, na limegusa ushahidi, na hayo ni mambo ambayo kila mmoja wetu ataulizwa, awe anasoma kompyuta, udaktari, sheria au kilimo.

Kazi yenyewe

Kwa wale ambao hawasomi kompyuta, nieleze kwanza. Programu ni maandishi. Huandikwa mstari baada ya mstari, na mashine hufuata kila mstari kama ulivyo. Watu kadhaa wanapoandika programu moja, hawawezi wote kuandika juu ya nakala ileile, watafutiana kazi. Kwa hiyo hutumia mfumo wa kutunza matoleo. Unaojulikana zaidi leo ni Git, ulioanzishwa mwaka 2005 na Linus Torvalds kwa ajili ya kazi ya Linux. Kila mwandishi huchukua tawi lake, akaandika humo, na akimaliza huomba tawi hilo liunganishwe na shina, yaani ile nakala ambayo watu wanaitumia.

Kabla ya kuunganisha, mwenzake hukagua. Huletewa tofauti baina ya ya zamani na ya sasa: mistari iliyoondolewa huonekana kwa rangi nyekundu, iliyoongezwa kwa rangi ya kijani. Anapaswa kuisoma, kuuliza, kuijaribu. Akiridhika hubonyeza kitufe cha kuidhinisha, na jina lake hubaki pale.

Ndugu zangu, kitufe hicho hubonyezwa kwa nusu sekunde. Kusoma kunakotakiwa kabla yake kunaweza kuchukua saa nzima. Shetani hukaa katikati ya nusu sekunde hiyo na saa hiyo.

Kilichotokea

Mnajua kuwa jumuiya yetu huandaa futari kwa wanafunzi wasio na uwezo. Michango hutoka kwa wanafunzi wenyewe, kwa wahitimu, na kwa wafanyabiashara wa Biryogo na Nyamirambo ambao hutuma faranga zao kwa simu na hawaulizi hata risiti. Ramadhani iliyopita tuliamua kuacha daftari, tukaandika programu ndogo. Mwanafunzi anajiandikisha, programu inapanga orodha, na kila alasiri inatuma ujumbe wa simu wenye namba. Ukifika jikoni unaonyesha namba yako, unapewa tende zako, uji na sahani yako.

Tulikuwa wawili katika kazi hiyo: mimi na ndugu yangu mmoja wa mwaka wa 2. Yeye ana bidii kuliko mimi, na nasema hivyo bila kumpamba. Siku chache kabla ya mwezi kuandama aligundua kuwa wanafunzi wa mwaka wa 1 wamejiandikisha mara mbili mbili, kwa kuwa wengi hawakuwa wamepata namba za usajili za chuo. Akaandika mabadiliko: programu isitambue mtu kwa namba ya usajili, imtambue kwa namba ya simu. Namba ya simu ikitokea mara ya pili, jina la pili liondolewe. Akaniletea nikague.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa na mtihani kesho yake. Nilifungua ombi lake, nikaona mistari ya kijani na mistari myekundu, nikasema moyoni: huyu ni ndugu yangu, namjua, anaswali safu ya mbele, kazi yake ni safi. Nikaandika, "Maashaallah, iko sawa," nikabonyeza kitufe. Sikusoma hata mstari mmoja.

Ramadhani ikaingia. Siku ya 8, dada anayesimamia upande wa akina dada alikuja akaniuliza kwa nini baadhi ya wasichana wa bweni moja hawapokei ujumbe. Tulipotazama tukakuta wanafunzi 11 wameondolewa katika orodha. Hawakuwa wamejiandikisha mara mbili. Walikuwa wanatumia simu ya mwenzao, kwa kuwa wao hawana simu. Yaani waliokuwa maskini zaidi katika orodha ndio hao hao programu ilioona kuwa wamerudiwa, ikawatoa, na haikuwaambia.

Dada yetu akasema mmoja wao alifuturu kwa maji na mkate wa asubuhi kwa siku nane. Hakulalamika kwa mtu. Alidhani tumekaa kikao tukaona hastahiki, na akaona haya hata kuja kuswali Tarawehe akikutana nasi.

Basi usiku ule nikafungua tena lile ombi la ndugu yangu, nikasoma kwa mara ya kwanza. Juu kabisa, kabla ya mistari yoyote, alikuwa ameandika maelezo. Alisema ametumia namba ya simu, kisha akaongeza kuwa hana hakika kama kuna watu wanaotumia simu moja, na akaniomba nitazame hapo hasa, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaandikisha wanafunzi wa mabweni.

Na ni kweli. Mimi ndiye niliyewaandikisha. Mimi ndiye niliyesikia wakisema, "Andika namba ya mwenzangu, mimi sina." Ujuzi alioukosa yeye ulikuwa kwangu. Kwa ajili hiyo ukaguzi uliwekwa, na kwa ajili hiyo aliniuliza.

Kuhakiki si kumdhania mtu vibaya

Kisingizio changu cha kwanza kilikuwa kwamba ninamwamini. Nilitaka kukaa nacho, lakini Qur'ani hairuhusu.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, haizungumzii vita wala Siku ya Kiyama. Inazungumzia deni. Allah (s.w.) anawaambia walioamini kwamba wakikopeshana kwa muda maalumu, waandike. Anaagiza pawe na mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, shahidi akiitwa asikatae, na watu wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Tazameni anaosemeshwa ni nani. Ni waumini, watu wanaoaminiana. Allah hakusema kuwa wakiaminiana maandishi hayana haja. Amewaagiza kuandika na kushuhudisha ili shaka isiingie baina yao na haki ya mtu isipotee kwa kusahau.

Kwa hiyo mtu akikagua kazi yako asikuonee, nawe ukimkagua usione kuwa unamtukana. Kukagua ni kumsaidia asije kubeba dhima ya jambo alilokosea kwa nia njema. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat imekuja kuhusu fasiki anayeleta habari, na ndugu yangu, namshuhudia Allah, si fasiki. Lakini sababu iliyotajwa ndani ya aya ile inatuhusu sote: tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukaamka tunajutia tuliyoyafanya. Hivyo ndivyo nilivyoamka siku ya 9 ya Ramadhani.

Kumbukeni pia kazi ya Zayd bin Thabit (r.a.). Baada ya vita vya Yamama kuua wasomaji wengi wa Qur'ani, Abu Bakr (r.a.) alimpa kazi ya kuikusanya. Zayd alikuwa mwandishi wa wahyi na alikuwa ameihifadhi. Angeweza kukaa akaandika kutoka kifuani kwake. Hakufanya hivyo. Alizunguka akifuatilia yaliyoandikwa na yaliyohifadhiwa vifuani mwa watu, akikutanisha hili na lile. Silinganishi maneno ya Allah na programu ya futari, hasha. Nasema tu kwamba ikiwa mtu kama Zayd hakutosheka na uhakika wake mwenyewe katika amana aliyopewa, mimi ni nani nitosheke na uhakika wangu juu ya mtu mwingine, tena bila kusoma?

Mkono ndani ya rundo

Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula. Juu lilionekana kavu. Akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye bidhaa, naye akajibu kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka sehemu iliyolowa juu watu waione, kisha akatoa onyo zito juu ya anayeghushi.

Hadithi hii tumeizoea katika mawaidha ya biashara. Mimi naomba tuitazame kwa pande zake mbili.

Upande wa kwanza ni wa mwenye bidhaa, yaani mwandishi. Aweke unyevu juu. Kama kuna mstari ambao hana hakika nao, autaje mwanzo wa maelezo yake, asiufukie katikati ya mistari 300 akitumaini kuwa mkaguzi atachoka. Ndugu yangu alifanya hivyo sawasawa. Unyevu aliuweka juu.

Upande wa pili ni wa mkaguzi. Mtume (s.a.w.) hakutosheka kutazama. Aliingiza mkono. Kukagua mabadiliko ni kuyachukua, kuyaendesha katika mashine yako, kuyapa majina yenye matatizo, kwa mfano watu wawili wenye simu moja, kisha kutazama yanatoa nini. Mimi sikuingiza mkono, na hata lililokuwa juu sikulitazama.

Yapo marundo ambayo unyevu wake umefichwa kwa makusudi. Mwaka 2024 ulimwengu wa kompyuta ulipata somo kubwa. Kuna programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, ambayo imo ndani ya mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alijenga uaminifu katika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka miwili, akichangia mambo mazuri, mpaka akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Kisha katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 akapenyeza mlango wa siri. Sehemu moja ya hila hiyo haikuwemo kabisa katika hazina ya Git ambayo watu huisoma. Ilikuwa katika kifurushi kilichotolewa kwa watumiaji. Waliotazama juu ya rundo waliona pakavu.

Aliyegundua ni mhandisi mmoja, Andres Freund, ambaye aliona kuwa kuingia katika mashine kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Wengi wangesema mtandao uko polepole. Yeye akafuatilia kuchelewa huko mpaka akafika kwenye chanzo, akatangaza tarehe 29 Machi 2024. Ilikuwa Ijumaa, sisi tukiwa katika Ramadhani. Mtu huyo aliingiza mkono, na Allah akawaepusha watu wengi na madhara kwa sababu yake.

Na katika kisa hicho lipo jambo jingine. Aliyekuwa akiitunza xz kwa miaka mingi alikuwa karibu peke yake, amechoka, na zilikuja sauti za kumshinikiza kwa nini anachelewa, kwa nini hakabidhi kazi kwa wengine. Rudini kwenye aya yetu ya deni: Allah amekataza asidhuriwe mwandishi wala shahidi. Nani miongoni mwetu hajamwandikia mkaguzi ujumbe wa tatu ndani ya saa moja, "Bado hujapitisha tu?" Kumshinikiza shahidi atie sahihi haraka ni kumdhuru, na ni kuidhuru haki ya wale ambao ushahidi wake unawalinda.

Kitufe ni ushahidi

Katika kazi ya Linux yenyewe, mkaguzi huacha jina lake katika mstari unaoanza na Reviewed-by, yaani "imekaguliwa na". Miongozo yao inaeleza kuwa anayeweka jina hapo anakiri mambo kadhaa: kwamba ameyakagua mabadiliko kiufundi, kwamba matatizo aliyoyaona amemweleza mwandishi na ameridhika na majibu yake, na kwamba kwa wakati huo anaamini hayana kasoro kubwa ya kuzuia yasiingie. Hiyo ni kauli ya ushahidi, ingawa wao hawatumii neno letu.

Sisi tunalijua neno hilo. Katika aya ya 36 ya Suratul Israa tumekatazwa kufuata tusilo na ujuzi nalo, na tumeambiwa kuwa masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Nilipoandika "iko sawa", nilishuhudia kwa macho ambayo hayakuona. Macho yangu yataulizwa juu ya mistari ile. Na Mtume (s.a.w.) aliihesabu kauli ya uongo na ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa, akakaa vizuri baada ya kuwa ameegemea, akalirudia jambo hilo mpaka maswahaba wakatamani angenyamaza. Sisemi kuwa mimi ni mufti wa kutoa hukumu ya kila kitufe. Nasema jambo la namna hii si la kuchezea.

Usiku mmoja wa kunyamaza

Sasa nifike mahali ambapo nilitaka kuparuka.

Git ina amri iitwayo blame, neno lenye maana ya kulaumu. Ukiiendesha, inakuonyesha kila mstari uliandikwa na nani na siku gani. Kamati ilipokutana siku ya 9, mmoja akaiendesha mbele ya wote. Mstari uliowaondoa wale wanafunzi 11 ukatoka na jina la ndugu yangu. Jina langu halikuwemo, kwa sababu amri hiyo humtaja aliyeandika mstari, haimtaji aliyeupitisha.

Wakaanza kumlaumu. Mmoja akasema vijana wa mwaka wa 2 wasipewe tena kazi nzito. Yeye aliinamisha kichwa. Hakusema, "Nilimwomba kaka akague." Hakusema, "Nilimwandikia." Alinyamaza kwa adabu, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Nami nilinyamaza, na mimi sikunyamaza kwa adabu.

Nikaenda nyumbani, nikafuturu, nikaswali Tarawehe. Imamu hakusoma sehemu hiyo usiku ule, lakini aya iliyonijia ni ile inayofuata aya ya deni, ya 283, ambamo Allah amekataza kuficha ushahidi na akasema kuwa anayeuficha moyo wake umeingia dhambini. Nikajiuliza: kwanza nilishuhudia nisichokiona, sasa naficha ninachokijua. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa tusimame kwa uadilifu tukiwa mashahidi kwa ajili ya Allah, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu.

Asubuhi nikawaomba wanakamati warudi. Nikafungua ukurasa wa lile ombi mbele yao, nikawasomea maelezo ya ndugu yangu, kisha jibu langu la maneno matatu na jina langu chini yake. Nikasema: aliyekosa amana ni mimi. Yeye aliuliza, na aliyeulizwa hakusoma.

Hakuna aliyenipigia kelele. Ukimya wao ulikuwa mzito zaidi. Ndugu yangu alinifuata nje akaniambia, "Kaka, nami ningeweza kujaribu zaidi kabla ya kukuletea." Allah amlipe kheri. Alitafuta sehemu yake katika kosa wakati mimi usiku kucha nilikuwa natafuta namna ya kutokuwa na sehemu.

Kisha tukatengeneza. Git ina wepesi mmoja: hatua iliyokosewa inaweza kubatilishwa, programu ikarudi ilivyokuwa. Tulimaliza kwa dakika zisizozidi 10. Lakini futari za siku nane hazibatilishwi. Wanachuoni wanatufundisha kuwa toba katika haki za waja haitoshi kwa istighfari peke yake, bali haki irudishwe na mwenyewe aombwe radhi. Kwa hiyo nikiwa na yule dada msimamizi niliwafikia wote 11, nikawaeleza kwamba hapakuwa na kikao kilichowakataa, kwamba lilikuwa kosa langu, na nikawaomba wanisamehe. Thamani ya futari zile niliitoa mfukoni mwangu kidogo kidogo mpaka mwezi wa Shawwal. Dada aliyekuwa akifuturu kwa maji na mkate alisema amesamehe. Kisha akauliza kama anaweza kurudi Tarawehe. Ndugu zangu, swali hilo sijalisahau.

Adabu za kukagua na kukaguliwa

Tangu siku ile tumejiwekea utaratibu, na nauandika huenda ukamfaa mwingine.

Kwanza, mabadiliko yawe madogo. Anayeleta mistari 1,000 kwa siku moja anamlazimisha mwenzake adanganye. Akiletewa mistari 50 ataisoma.

Pili, mkaguzi asiandike "sawa" peke yake. Aandike alichokitazama: nimesoma faili hili, nimejaribu kwa majina haya, hapa nimeuliza nikajibiwa. Aliyesoma hashindwi kuandika hayo.

Tatu, usichokijua sema hukijui. Mwite anayekijua. Si aibu mkaguzi kusema, "Sehemu hii ya malipo siielewi, tumwombe fulani." Aibu ni kuipitisha.

Nne, hakuna anayeunganisha kazi yake mwenyewe bila jicho la pili, hata awe ndiye mwenyekiti.

Tano, hatukagui saa ya mwisho kabla ya Maghribi, wala usiku wa kuamkia mtihani. Shahidi awe na akili iliyotulia.

Na katika maneno, tuchunge ulimi. Suratul Hujurat hiyohiyo iliyotuamrisha kuhakiki, katika aya ya 12 imetukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Tuseme "mstari huu utawatoa wenye simu moja", tusiseme "wewe hujui kuandika". Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kuwa muumini ni kioo cha muumini. Kioo kinakuonyesha doa lako wewe, ukiwa mbele yake. Hakiendi kulionyesha kwa jirani.

Kama unaona uzito kukaguliwa, kumbuka jambo hili. Jibrili (a.s.) alikuwa akija kwa Mtume (s.a.w.) kila Ramadhani wakipitia pamoja Qur'ani, na mwaka aliofariki walipitia mara mbili. Mtume aliyehifadhiwa na Mola wake alikaa kupitia aliyokwisha kuyapokea, mwaka baada ya mwaka. Basi ni nani kati yetu kazi yake imepita kiwango cha kupitiwa?

Na jambo hili haliishii kwenye kompyuta. Ni wewe unayemsainia mwenzako mahudhurio ya darasani na hayupo. Ni wewe unayeweka jina lako kwenye kazi ya kikundi ambayo hukuisoma hata utangulizi. Ni wewe unayesambaza ujumbe wa sauti katika makundi ya simu kwa sababu tu aliyekutumia ni mtu wa dini. Kesho utakuwa daktari unayesaini cheti, mhandisi unayesaini kuwa daraja ni salama, mhasibu unayesaini hesabu za msikiti. Nyuma ya kila sahihi yupo mtu asiyekujua, mwenye njaa au mgonjwa au msafiri, na anachokitegemea ni kuwa ulisoma.

Ewe Mola wetu, usitushike tukisahau au tukikosea. Tujaalie tuwe wa kutekeleza amana kama ulivyotuamrisha. Yape macho yetu subira ya kusoma, na ndimi zetu ujasiri wa kusema kweli hata inapotuangukia wenyewe. Wasamehe waliotusamehe, na walipe waliochangia na waliopika na walioandika. Tufikishe Ramadhani ijayo tukiwa bora kuliko tulivyokuwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.